Mrejesho: Positano bila gari, kulala Salerno

Wakuu, niliuliza jinsi ya kufika Positano, mji mdogo wa pwani kule Italia, bila kukodi gari wala kulipa bei za hoteli za kule. Asanteni sana kwa majibu.

Aliyesema "lala Salerno, panda boti" alipatia. Gati la Piazza della Concordia mjini Salerno liko jirani kabisa na stesheni ya treni. Hadi Amalfi, mji ulio njiani, ni kama dakika 35, Positano kama 70.

Kilichokwama: bahari ikichafuka, boti zinafutwa, na zilifutwa. Inabaki basi, la kubadilisha Amalfi. Hapo ushauri wa kulisubiri kituo chochote njiani haukufaa, maana likishajaa linapita tu. La kutoka Amalfi lipandie linapoanzia, Piazza Flavio Gioia, ukae kushoto ndiko iliko bahari. Tiketi inunuliwe mapema duka la sigara, lile lenye herufi T kubwa, kisha uigonge kwenye mashine ndani ya basi.

Begi la magurudumu liacheni Salerno. Positano ni ngazi tupu. Na wa majira ya baridi msitegemee boti. Nyingi hurudi kazini karibu na Aprili.