Mrejesho: mimea ya kudumu, kichanga juu na mfinyanzi chini

Wakuu, niliomba ushauri wa mimea ya kudumu isiyo na shina la mti kwa kiwanja cha Mwanza: juu kichanga cha mawe, chini kuelekea ziwani udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuamisha maji. Asante kwa aliyesema pima kwanza udongo unavyopitisha maji ndipo ununue miche.

Kila upande wa kiwanja, shimo la kina cha sm 30 lilijazwa maji, yakaisha, likajazwa tena. Juu yalishuka zaidi ya sm 10 kwa saa. Chini hayakufika hata sm 2.

Juu pamepata mchaichai na mshubiri. Mchaichai: vichipukizi 3 vyenye mizizi kila shimo, majani yakatwe yabaki sm 15, nafasi sm 75, samadi iliyooza, na matandazo. Mshubiri hautaki samadi nyingi, na kitako chake kisifukiwe, kinaoza.

Chini ni magimbi na kana (maua ya canna). Mnanaa nao upo, ila ndani ya ndoo isiyo na kitako iliyozikwa, la sivyo unavamia kila kitu.

Tangawizi na manjano zimepandishwa kwenye matuta ya sm 30. Ukipanda tambarare, tunguu (ile sehemu ya chini ya udongo inayovunwa) hukosa hewa na kuoza. Majani yananyauka udongo ukiwa umelowa, mtu anadhani ni kiu, anazidisha maji!

Waliosema nimwage mchanga kwenye mfinyanzi, hapana. Mchanga kidogo hugandamana nao ukawa kama tofali. Mboji ndiyo inayolegeza, na usilime wakati udongo unanata kwenye jembe.