Tupeane uzoefu: kuandika riwaya tamu ya mtu aliyekwama kati ya penzi na kazi

Wakuu, habari zenu. Uzi huu ni wa tunaoandika mapenzi safi, yale ambayo mlango wa chumbani haufunguliwi na msomaji anafunga kitabu akitabasamu. Tuongelee mgogoro mmoja tu: mhusika kapata kazi aliyoiota miaka mingi, iko mbali, na moyo wake umeshatua kwa mtu. Leteni mbinu, zenye namba na mifano.

Ili tusipotezane, mfano uwe mmoja: binti ni fundi wa fidla, anayempenda ni mwalimu, na karakana ya nchi nyingine inamtaka binti kwa miaka 2.

Naanza na kosa linaloua riwaya nyingi: kuifanya kazi adui. Bosi mkali, ofisi baridi, basi msomaji anajua mwisho tangu sura ya 2. Kazi nayo ipendeke! Tumwone fundi akiushika ubao wa mgongo wa fidla kwa vidole viwili, anaugonga kwa kifundo, anausikiliza, anaukwangua kidogo, anaugonga tena. Ukurasa mmoja wa namna hiyo unashinda kuandika mara kumi kwamba "aliipenda sana kazi yake".

* * *

Umenena, mleta uzi. Mimi naleta mpangilio. Riwaya ya maneno 50,000 igawe sura 25 za maneno kama 2,000. Fundi atume maombi ya kazi sura ya 2, kabla hajamzoea mwalimu. Busu la kwanza sura ya 11. Jibu la karakana lije sura ya 12 au 13. Likija sura ya 20, msomaji anaona mkono wa mwandishi ukitupa jiwe ili maji yatibuke. Na likitangulia busu, hakuna cha kupoteza.

Barua iwe na tarehe ya mwisho ya kujibu, tuseme siku 10. Chora kalenda ya siku hizo pembeni ya rasimu. Bila kalenda utajikuta una Jumamosi mbili ndani ya wiki moja, na wasomaji huziona.

* * *

Kuhusu fundi kumficha mwalimu ile barua: sura 1, zikizidi sana 2. Zaidi ya hapo si woga tena, ni uongo, na msomaji anahamia upande wa mwalimu.

Kipimo changu ni hiki. Sura ya 15 waketi waambiane ukweli wote, bila kukatizwa na simu wala mgeni. Tatizo likiisha hapo, hukuwa na mgogoro, ulikuwa na watu wasioongea. Likibaki palepale, na wote wawili wana haki, endelea kuandika.

* * *

Naongezea upande wa utamu. Hadithi safi inabebwa na mikono na vitu. Fundi anafunga begi, zipu inakwama. Mwalimu anachukua penseli, anasugua ncha yake kwenye meno ya zipu, anaivuta taratibu mpaka inapita. Analitengeneza begi litakalomwondolea mpenzi wake, na hasemi neno. Muache hivyo hivyo. Ukiongeza "moyo wake ulivunjika vipande elfu", umeliharibu tukio.

Vilevile tumieni namna wanavyoitana. Waanze na "mwalimu" na "fundi". Mara ya kwanza mmoja kumwita mwenzake jina iwe sura ya 9, na iwe mara moja tu katika sura hiyo.

* * *

Jambo dogo linalosumbua Kiswahili chetu: "yeye" wetu hana jinsia. "Alimtazama, akamshika mkono, akamwambia hatamsahau." Nani kamshika nani? Mlolongo wa -ka- ubebe mtendaji mmoja. Mtendaji akibadilika, weka nukta na umtaje: "Fundi alimtazama, akamshika mkono. Mwalimu aliinamisha kichwa." Someni kwa sauti kila tukio la watu wawili, mtaona mnapopotea.

* * *

Mwisho ndipo pagumu, nitakaa hapo kidogo. Karakana isifilisike ghafla ili fundi abaki. Mwalimu asiache kila kitu sura ya 24 na kumkimbilia mpenzi wake uwanja wa ndege. Njia ya tatu ipandwe mapema: sura ya 4 itajwe, kwa kupita tu, kwamba mkataba wa mwalimu unaisha muhula ujao. Sura ya 6 mteja alalamike kwamba fundi mwingine wa kurekebisha fidla hapatikani hadi nchi ya jirani. Sura ya 23 mbegu hizo ziote: fundi aende mwaka 1 badala ya 2, mwalimu amfuate muhula ukiisha, kisha warudi kufungua karakana yao.

Kisha chora safu mbili, ya fundi na ya mwalimu, uandike kila mmoja kalipa nini. Fundi kapoteza mwaka wa pili kwa mabingwa. Mwalimu kaliacha darasa alilolilea tangu mwanzo. Safu moja ikiwa tupu, rudi sura ya 19 uandike upya. Sura ya kufunga isizidi maneno 800, na fidla ilie ndani yake.