Friday Night Lights imeonyesha ubaguzi, halafu ikaufunika kwa kombe

Wakuu, nimemaliza misimu yote mitano ya Friday Night Lights, tamthilia ya Marekani kuhusu timu ya futiboli ya Kimarekani ya shule ya sekondari katika mji wa kubuni wa Dillon, Texas, na nina hasira. Najua tamthilia hii inasifiwa kila kona. Mimi mwenyewe msimu wa kwanza niliipenda mno, ndiyo maana imeniuma.

Chukueni habari ya kocha msaidizi Mac McGill. Mbele ya mwandishi wa habari anawaongelea wachezaji weusi kama watu wa mbio na nguvu tu, kana kwamba kuongoza mchezo ni kazi ya Wazungu. Smash Williams, mchezaji nyota mweusi, anawatoa wenzake weusi mazoezini. Nikasema, hapa sasa! Hata hasira haijapoa, basi la timu linasimamishwa na polisi wanaomtaka Smash, Mac anawakatalia, wanaondoka. Kesi imekwisha. Aliyetukana kageuka shujaa, na waliotukanwa wamekaa kwenye viti wanamtazama! Hivi kuna aliyewauliza kama wamesamehe?

Msimu wa nne ndio ulioniwasha zaidi. Mji wa Dillon unagawanywa kati ya shule mbili, West na East, shule ya East Dillon inafunguliwa tena, na wenye fedha wanahakikisha mpaka unapita pale unapowafaa wao. Uwanja wa East ni vumbi na nyasi kavu. Mchezaji Luke Cafferty anasoma West kwa anwani ya uongo. Kijana Vince Howard analetwa kwenye timu na polisi. Waandishi wanaujua ugonjwa vizuri kabisa, ila chanzo hawakitaji.

Texas shule zinategemea sana kodi ya nyumba na ardhi za wilaya yake. Mkiishi kwenye nyumba za bei ya chini, shule yenu inabaki na makusanyo kiduchu hata mkitozwa kiwango kikubwa. Wazazi wa Edgewood, San Antonio, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walilifikisha jambo hili Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1973 wakashindwa kwa kura 5 dhidi ya 4: majaji walisema Katiba ya nchi haiihesabu elimu kuwa haki ya msingi. Ni mwaka 1993 ndipo Texas ilipotunga sheria ya kuchukua sehemu ya fedha za wilaya tajiri na kuzipeleka kwa maskini. Hiyo ni hadithi nzito kuliko mechi yoyote. Sisi tukapewa hotuba za kocha mkuu Taylor kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Halafu ule mwisho! Bodi ya shule inasema fedha za timu mbili hazipo, inaifuta ya East, na hao hao waliofutwa wanatwaa ubingwa wa jimbo. Vince anavalishwa jezi ya Panthers, timu ya West, muziki unapigwa taratibu, eti tufurahi naye.

Anayeona nimekosea anitajie kipindi kimoja tu ambacho East Dillon inaletewa maabara, vitabu au mwalimu wa hesabu. Nasubiri.