Ushauri: Nyumba ya mzee ina X ya kijani, tathmini ina miaka mitatu, fidia kimya

Mwana wa Mzee:
Wakuu, salaam. Nyumba ya baba yangu iko kando ya barabara kuu inayotaka kupanuliwa. Zaidi ya miaka mitatu iliyopita wathamini walikuja, wakapima, wakahesabu mpaka miti ya miembe, wakachora X ya kijani ukutani, wakampiga picha mzee mbele ya mlango ameshika kibao chenye namba kama mahabusu. Akasaini fomu mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nakala hakupewa.

Tangu hapo tumeambiwa tusiongeze hata tofali. Fremu mbili zilizokuwa zinamlipia dawa wapangaji wamezikimbia, maana nani anataka kufungua duka kwenye ukuta wenye X? Paa linavuja. Ofisini jibu ni moja: "fedha haijatoka". Tuendelee kusubiri, tushtaki, au tujenge liwalo na liwe?

Kobe Mpole:
Una uhakika ni kijani mkuu? Nyekundu ni habari nyingine kabisa. Hapa Tanzania, Sheria ya Barabara ya 2007 ilisogeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Aliyekutwa ndani ya zile 22.5 anachorewa X nyekundu, anahesabiwa mvamizi. Aliyefuatwa na hifadhi akiwa amelala kwake ndiye mwenye X ya kijani, na ndiye anayedai fidia.

Mwana wa Mzee:
Kijani. Mzee kajenga 1994.

Jogoo la Jirani:
Kushtaki serikali? Mzee ana miaka mingapi? Mtafuteni mbunge, uchaguzi ukikaribia hela hutoka yenyewe.

Dada Msaidizi:
Nimefanya kazi ya usaidizi wa kisheria miaka kadhaa, na faili za namna hii nimeshika nyingi. Nikujibu kwa urefu kidogo.

Neno unalotakiwa kulifukuzia ni "tarehe". Siyo tarehe waliyokuja kupima, bali ile ambayo Mthamini Mkuu wa Serikali aliidhinisha taarifa ya uthamini. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 inahesabu kila kitu kuanzia hapo. Fidia ilipwe ndani ya miezi sita. Ikipita, riba inaanza kutembea kwa wastani wa viwango vya benki za biashara mpaka siku ya malipo. Ikifika miaka miwili hamjalipwa, tathmini imekwisha nguvu, na mna haki ya kudai mthaminiwe upya.

Kwa hiyo kabla ya wakili, andikeni barua ya kuomba tarehe hiyo na nakala ya ukurasa unaomhusu mzee. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inayoipa ofisi siku 30 za kujibu. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Ukienda kuuliza kwa mdomo, kesho watasema hukwenda.

Na msidhani fidia ni bei ya nyumba tu. Kanuni za 2001 zinaweka pia posho ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36, gharama ya kusafirisha mzigo wa tani 12 ndani ya kilomita 20, na hasara ya faida kwa mwenye biashara. Lakini uwanja mtupu haulipiwi pango wala usafiri, kwa hiyo mzee asihame nyumba ikabaki gofu.

Kobe Mpole:
Hapo kwenye kuthaminiwa upya pana mtego, Dada. Ardhi imepanda, sawa, lakini nyumba imeoza kwa sababu walikatazwa kuikarabati. Mthamini mpya ataandika anachokiona.

Dada Msaidizi:
Kweli kabisa. Ndiyo maana wapige picha leo za paa na zile fremu, na mikataba ya wapangaji waliohama itafutwe. Chumba kipya baada ya tathmini hakiingii kwenye hesabu, hapo walisema sawa. Ila kuziba paa lisimnyeshee mzee, mimi ningeziba na risiti ningetunza.

Jogoo la Jirani:
Haya, sheria tamu. Mbona hawalipi?

Dada Msaidizi:
Kwa sababu ucheleweshaji haumuumi aliyechelewesha. Riba yenyewe inatoka kwenye kodi zetu, aliyekalia faili mshahara wake uko palepale. Ibara ya 24 ya Katiba inasema hakuna kunyang'anywa mali bila fidia ya haki inayostahili, halafu mradi unatangazwa kabla fungu la fidia halijatengwa. Mzee hajanyang'anywa nyumba, amenyang'anywa matumizi yake, na hilo halina jina kwenye jedwali la malipo.

Mkifika mahakamani: notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya 2020 hata ukiishtaki halmashauri lazima Mwanasheria Mkuu aunganishwe. Msiende mmoja mmoja. Kaya kumi zenye madai yanayofanana zinachangia wakili mmoja, na asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Mara nyingi nimeona notisi peke yake ikiamsha faili.

Mwana wa Mzee:
Nashukuru sana. Leo nimepita nyumba kwa nyumba, tumepatikana kumi na nne, na mama mmoja ana nakala ya fomu yake, aliipiga picha kwa simu wakati karani anageuka. Barua tunaipeleka Jumatatu. Mzee amekataa kupigwa picha tena, anasema ile ya kibao inatosha, kwa hiyo nimepiga paa tu.

Jogoo la Jirani:
Msisahau muhuri.