TSH ya mama imepanda lakini T4 iko sawa, maana yake nini?

binti_wa_Makambako
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada kwa anayejua kusoma majibu ya tezi ya shingo. Mama yangu ana miaka 54. Tangu masika amekuwa mchovu, anavaa sweta hata jua likiwaka, na choo anapata kwa shida. Karatasi inasema TSH 7.9 (kawaida 0.4–4.0), Free T4 14.2 (kawaida 12–22). Daktari tutamwona wiki ijayo, ila mama halali kwa wasiwasi. Jirani kamwambia homoni zimezidi, aache chumvi yenye madini joto. Ni kweli?

mtu_wa_maabara
Pole sana kwa mama, dada. Chumvi asiache, jirani amesoma kinyume. TSH ni homoni, ila haitoki kwenye tezi ya shingo. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru ile ya shingoni itengeneze homoni yake, T4. Ni kama mgeni anayepiga hodi: asipoitikiwa, anapaza sauti. TSH ya mama imepanda kwa sababu tezi ya shingo inaitika kivivu. T4 bado imo ndani ya kiwango, lakini inapatikana kwa kusukumwa.

Hali hii si ya dharura. Mara nyingi daktari hurudia kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, maana TSH huweza kupanda kidogo mtu akitoka kuugua, kisha ikashuka yenyewe. Muulizeni pia kuhusu kipimo cha kingamwili za TPO, yaani kinga ya mwili inayoishambulia tezi yenyewe. Zikiwepo, uwezekano wa tezi kuendelea kudhoofika ni mkubwa zaidi. TSH ikivuka 10, kwa kawaida dawa huanzishwa. Chini ya hapo daktari hupima dalili, umri na moyo.

Na tafadhali rudieni maabara ileile. Kuna wanaoandika T4 kwa pmol/L, wengine kwa ng/dL. Hiyo 14.2 ya mama kwingine ingesomeka 1.1, na mngedhani imeporomoka.

mama_wawili
Mimi natumia levothyroxine, ndiyo dawa ya tezi inayofanya kazi badala ya T4. Akianzishiwa, ameze asubuhi na maji matupu, akae nusu saa hadi saa nzima ndipo anywe chai. Vidonge vya kuongeza damu (vya madini ya chuma) au vya kalsiamu viachane nayo kwa saa nne. Kipimo hurudiwa baada ya wiki sita hadi nane, asikate tamaa mapema.

binti_wa_Makambako
Mungu awabariki, nimemsomea mama yote. Ila anameza vidonge vya kukuza nywele, vimeandikwa biotin. Vina shida?

mtu_wa_maabara
Umefanya vizuri kuuliza. Bayotini nyingi huvuruga baadhi ya mashine zetu, na kwa kawaida huonyesha TSH ikiwa chini kuliko ilivyo. Kwa hiyo huenda ya kweli imezidi hata hiyo 7.9. Aviache walau siku mbili kabla ya kupima tena, na kopo lake mwende nalo kwa daktari.