Babu alivuka mto Malagarasi enzi za Mjerumani. Alihama nchi?

Wakuu, naomba tulijadili bila jazba. Juzi nilimsindikiza mama kufuatilia kitambulisho cha taifa. Amezaliwa Ujiji, Kigoma, 1951. Tulibeba stakabadhi ya kodi ya kichwa ya babu, mikunjo imeshatoboka. Kijana wa dirishani akaisoma, akairudisha: "Hii inaonyesha alilipa, haionyeshi alizaliwa wapi."

Babu na bibi walitoka ng'ambo ya Malagarasi, upande wa Urundi (Burundi ya leo). Ila hadi 1916 Urundi na Kigoma zilikuwa koloni moja la Mjerumani. Mbelgiji akaziteka zote, Kigoma akaishikilia hadi 1921 ndipo akamwachia Mwingereza. Sheria ya uraia ya 1961 ilitaka uwe umezaliwa Tanganyika na mzazi mmoja naye awe amezaliwa Tanganyika. Jina lenyewe limeanza 1920! Wazee wangu walishazaliwa.

Kinachonikera zaidi ni hati ya udhamini ya 1922, ile ya Shirikisho la Mataifa (lililotangulia Umoja wa Mataifa) iliyomkabidhi Mwingereza Tanganyika aisimamie. Kifungu cha 7 kiliwapa raia wa nchi wanachama wa Shirikisho hilo haki sawa na Waingereza ya kuingia Tanganyika na kukaa. Ubelgiji ilikuwamo, basi Mbelgiji aliteremka bandarini Kigoma kifua mbele. Mrundi je, ambaye nchi yake nayo ilikuwa chini ya udhamini wa Mbelgiji? Aprili 1923 Baraza la Shirikisho likaamua kwamba wenyeji wa nchi za udhamini si raia wa mdhamini wao. Kwa hiyo bwana ana haki ya mkataba, anayembebea sanduku hana.

Mdau wa Tabora: Pole kwa mama, mkuu, lakini unachanganya mambo. Ruhusa ya kuingia na uraia ni vitu viwili. Hata Mbelgiji wako hakuwa raia wa hapa. Na ambaye hakutimiza masharti 1961 alikuwa na njia ya kuomba kuandikishwa. Wazee hawakuomba, afisa afanyeje? Akipokea kila "babu alivuka zamani", atamjuaje aliyevuka mwaka jana?

Mleta mada: Hapo kwenye kuandikishwa umenibana, sibishi. Ila mvuvi wa Ujiji asiyejua kusoma angejuaje kwamba anatakiwa kuomba? Hakuna aliyemwambia yeye ni mgeni, kila mwaka alidaiwa kodi kama jirani zake. Halafu uko Tabora, makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu unayajua. Waliokimbia Burundi 1972 walipewa uraia 2014, zaidi ya watu 160,000, na sina kinyongo nao. Wana vyeti. Mama aliyewatangulia miaka ishirini na moja hana.

Wanasheria mliopo: kwa aliyezaliwa kabla ya 1920, "kuzaliwa Tanganyika" kunasomwaje?

Jumatatu tunarudi na wazee wawili wa mtaani kama mashahidi. Mmoja wao, baba yake alitoka Manyema, Kongo.