Naomba ushauri: nianze na filamu gani ya Hitchcock hapa Moshi?

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Nina kibanda umiza Pasua, Moshi. Siku za mpira kinajaa hadi mlangoni, siku nyingine naonyesha filamu za mapigano zilizotafsiriwa. Ila moyo wangu uko kwa Alfred Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za taharuki, na nataka kila Jumatano nionyeshe filamu yake moja.

Yule mzee alijua kukuweka roho juu bila hata risasi moja. Kwenye Suspicion ya 1941, mume anapanda ngazi gizani na glasi ya maziwa anayompelekea mkewe. Hitchcock aliweka taa ndogo ndani ya glasi, maziwa yakang'aa, macho yako yakabaki palepale: yana sumu au hayana? Hakuna anayesema neno. Nimeiona mara nyingi na bado viganja vinanitoka jasho.

Shida yangu ndiyo hiyo. Wateja wamezoea msimuliaji anayetafsiri filamu kwa sauti, naye akianza kuongea juu ya ule ukimya, utamu wote umekwisha. Nikiweka maandishi ya Kiswahili chini ya picha, nahofia wazee wasioona vizuri watanikimbia.

Nawaza kuanza na Rear Window ya 1954, maana habari ya kuchungulia majirani inaeleweka mtaa wowote. Mke wangu anasema nianze na Psycho.

Mliowahi kuonyesha filamu za taratibu uswahilini, mlifanyaje? Na kuna aliyewahi kumwomba msimuliaji anyamaze sehemu fulani, akakubali?